Dawa ya Kichina, Kompyuta na Tumbo Lako

Ndugu mmoja wa Kawangware anauliza hivi: "Nimeuziwa dawa ya Kichina ya vidonda vya tumbo. Karatasi iliyo ndani inasema imethibitishwa na kompyuta. Je, niiamini?"

Ndugu yangu, kompyuta haithibitishi dawa. Inasaidia kuitafuta tu. Wacha nieleze.

Zamani watu waliambiwa kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na pilipili na mawazo mengi. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, wakafaulu kukuza kwenye maabara mdudu mdogo anayeishi ndani ya tumbo, bakteria aitwaye helikobakta. Mwaka 1984 Marshall alimnywa mdudu huyo kusudi, na tumbo likamwaka kweli. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Sababu nyingine kubwa ya vidonda ni dawa za maumivu, zile tunazonunua dukani kila mgongo ukiuma.

Sasa, tumbo lina asidi kali. Mdudu huyu anaishije humo? Ana kimeng'enya kiitwacho yurease, ambacho hutengeneza amonia na kupooza asidi iliyomzunguka. Ukikizuia kimeng'enya hicho, umemnyang'anya mwavuli wakati wa mvua.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Mfikirie fundi wa funguo pale soko la Toi, na ule mkufu wake wa funguo kuukuu. Unampelekea kufuli, naye anajaribu mmoja baada ya mwingine. Yurease ni kufuli, na kemikali zilizomo katika mimea ni funguo. Wanasayansi wa China walikusanya orodha iliyotolewa mwaka 2014, yenye mimea 499 na kemikali zaidi ya 29,000. Kujaribu zote kwa mkono ni kazi ya miaka. Kompyuta hupiga hesabu ya umbo la kila kemikali na kusema: hizi chache huenda zikaingia.

Huenda, nimesema. Ufunguo unaweza kuingia na usizunguke. Lazima kemikali ijaribiwe kwa mdudu halisi, kisha kwa wanyama, kisha kwa watu, na nyingi huanguka njiani. Tena kompyuta hupenda kurudia majibu. Katika uchunguzi mwingi wa aina hii jina linalojitokeza ni kwesetini. Wajua kwesetini iko wapi? Kwenye kitunguu na sukuma wiki! Na bado hatujasikia mtu aliyeponya kidonda kwa sukuma.

Sisemi dawa za Kichina ni uongo. Kuna mzizi mchungu wa rangi ya manjano, Wachina wanauita huanglian, wenye kemikali iitwayo beberini. Huko China tembe zake hutumiwa kwa kuhara, na zimejaribiwa kwa wagonjwa wa helikobakta pamoja na dawa nyingine. Cha ajabu, beberini haiingii vizuri kwenye damu, kwa hiyo kompyuta ikipewa masharti ya kawaida inaweza kuitupa nje. Lakini kwa ugonjwa ulio ndani ya tumbo na utumbo, pengine si lazima dawa ifike kwenye damu! Mtoto mchanga na mama mjamzito wasipewe beberini.

Tembe za malaria za AL, ambazo Kenya ilizichagua mwaka 2004, zina asili yake katika mmea wa Kichina pia. Bi Tu Youyou na wenzake waliipata dawa yake mwaka 1972 kwa kusoma vitabu vya kale na kujaribu, bila kompyuta ya namna hii. Na hapa kwetu KEMRI wana kituo kinachochunguza miti yetu ya kienyeji.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni kile kilichomo kwenye chupa. Kompyuta ilichunguza kemikali moja safi, haikufungua kifurushi chako. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakipunguza unene walipewa mmea wa Kichina usio sahihi, kwa sababu majina ya mimea miwili yanafanana. Zaidi ya 100 waliharibika figo. Na mara nyingine mitishamba hukutwa imechanganywa na dawa za maumivu, zile zile zinazochimba tumbo.

Kwa hiyo, ndugu wa Kawangware, beba kifurushi hicho uende nacho kwenye kituo cha afya. Usikifiche, hasa kama unatumia ARV au dawa za kifua kikuu. Omba upimwe choo. Ukikutwa na helikobakta utapewa antibiotiki mbili au zaidi na dawa ya kupunguza asidi, kwa siku 10 hadi 14. Zimalize zote, hata maumivu yakiisha siku ya nne. Ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika damu, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali usiku huo huo.

Na kabla ya kupimwa, mwambie daktari kama umemeza omeprazole wiki mbili zilizopita, au antibiotiki mwezi uliopita. Dawa hizo humficha mdudu, na kipimo kinaweza kusema hayupo kumbe yupo.