Kanuni ya Mpokeaji Halali katika Futiboli ya Vyuo vya Marekani: Ufafanuzi kwa Mlinganisho wa Soka na Netiboli Mkoani Singida

1.0 Utangulizi

Mtazamaji wa Singida Black Stars mjini Singida hahitaji kufafanuliwa maana ya kuotea. Vilevile, mwanafunzi aliyewahi kushiriki UMISSETA anafahamu kwamba katika netiboli ni wachezaji wawili tu wa kila timu, wenye herufi GS na GA, wanaoruhusiwa kufunga. Hata hivyo, mtu huyohuyo anapotazama futiboli ya Marekani hukutana na jambo linalomtatiza: mchezaji mwenye umbo kubwa, ambaye hakuna anayemkaba, hapewi pasi; na akiidaka, timu yake huadhibiwa. Makala hii inafafanua kanuni inayozaa hali hiyo, kama inavyotumika katika mashindano ya vyuo yanayosimamiwa na NCAA. Hoja kuu ni kwamba kanuni hiyo si kuotea kwa jina jingine. Ni kanuni ya kujitambulisha kabla ya mpira kuanzishwa, na kwa sababu hiyo inakaribiana zaidi na netiboli kuliko soka.

2.0 Masharti ya Uhalali

Futiboli ya Marekani huchezwa kwa majaribio mafupi. Kila jaribio linapoanza, timu mbili zenye wachezaji 11 kila moja hukabiliana katika mstari wa mpambano. Kwa kawaida timu inayoshambulia huweka wachezaji saba mstarini na wanne nyuma yao. Ili mchezaji wake awe mpokeaji halali wa pasi ya mbele, lazima atimize masharti mawili kwa pamoja.

Sharti la kwanza ni mahali. Mpira unapoanzishwa, mchezaji awe mwishoni mwa mstari, upande wa kulia au wa kushoto, au awe miongoni mwa walio nyuma. Sharti la pili ni namba. Jezi yake isiwe na namba kati ya 50 na 79, kwa kuwa namba hizo ni za wachezaji wa ndani ya mstari, ambao kazi yao ni kumkinga mrusha mpira na kumfungulia njia mbebaji. Katika mpangilio wa kawaida, wachezaji wasiopungua watano wenye namba hizo hutakiwa kuwa mstarini.

Masharti haya hayafidiani. Mchezaji mwenye namba 88 aliyesimama mwishoni mwa mstari ni mpokeaji halali. Lakini mwenzake akisimama mstarini, nje yake, namba 88 huwa amefunikwa: hayuko tena mwishoni, na haki yake hutoweka ingawa jezi haijabadilika. Kinyume chake, mwenye namba 72 hapati haki hiyo hata akisimama mwishoni kabisa.

Mambo matatu hukamilisha kanuni. Kwanza, inahusu pasi ya mbele pekee. Mpira uliorushwa nyuma unaweza kudakwa na yeyote. Pili, wachezaji wote wa timu inayozuia ni wapokeaji halali. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uganda, alicheza upande huo katika Boston College. Angeweza kudaka pasi yoyote ya wapinzani bila kuulizwa namba yake. Tatu, pasi ikimgusa mchezaji wa timu inayozuia au mwamuzi, wote huwa halali.

3.0 Mantiki ya Kanuni

Pasi ya mbele iliruhusiwa mwaka 1906, baada ya vifo na majeraha kumfanya Rais Theodore Roosevelt awaite wawakilishi wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton. Lengo la mageuzi lilikuwa kupunguza msongamano wa miili katikati ya uwanja. Hata hivyo, kama kila mchezaji angeweza kupokea pasi, timu inayozuia isingejua imkabe nani. Kanuni ya uhalali inaweka mizania: mshambuliaji anapewa silaha mpya, na mzuiaji anapewa haki ya kujua nani anaweza kuitumia.

Haki hiyo inalindwa pia baada ya mpira kuanzishwa. Wasio halali hawaruhusiwi kuwa zaidi ya yadi 3 mbele ya mstari kabla ya pasi inayovuka mstari huo kurushwa; adhabu yake ni yadi 5. Sababu ni kwamba wazuiaji huwasoma wachezaji hao: wakisonga mbele, huashiria kuwa mpira utabebwa. Kikomo katika mashindano ya kulipwa ya NFL ni yadi 1, hivyo wazuiaji wa vyuo hukabiliwa na nafasi kubwa zaidi ya kuhadaiwa.

4.0 Namba au Tamko?

NFL humruhusu mwenye namba isiyo halali kujiandikisha kwa mwamuzi kabla ya jaribio. Tarehe 30 Desemba 2023, Taylor Decker wa Detroit Lions alidaka pasi ya pointi mbili dhidi ya Dallas Cowboys. Waamuzi waliifuta, wakisema aliyejiandikisha ni Dan Skipper, na Detroit ikafungwa 20–19. Vyuo havina utaratibu wa kujiandikisha. Namba ndiyo tamko lenyewe. Kanuni ya vyuo inapunguza uhuru wa kocha, lakini inaondoa uwezekano wa mgogoro wa aina hiyo.

5.0 Hitimisho

Kuotea huamuliwa na mahali alipo mchezaji pale mwenzake anapoucheza mpira. Uhalali wa kupokea huamuliwa mapema zaidi, na huonekana kwa wote, kama herufi za netiboli. Kwa hiyo, mtafsiri au mtangazaji anayeliita kosa la kuvuka yadi 3 “kuotea” humpotosha msikilizaji: humfanya atafute mstari wa mabeki, ilhali anapaswa kutazama jezi na mpangilio. Istilahi “mpokeaji halali” na “asiye halali kuvuka kikomo” ni ndefu, lakini zinabeba mantiki ya kanuni. Mwalimu wa michezo wa Singida anayetaka kuifundisha angefanya vyema kuanzia kwenye uwanja wa netiboli.