Krenki Mpya, Ugonjwa wa Zamani

Huko Mchombe, katika bonde la Kilombero, mavuno ya mpunga ndiyo hospitali ya magari makuukuu. Land Rover ikianza kugonga kwa chini, mwenyewe huuza magunia, hupanda gari kwenda mjini na kurudi na krenki shafti. Mwezi haujaisha, mlio ule ule umerudi, na fundi ndiye mwenye lawama.

Krenki shafti hugeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko. Nayo haitakiwi kugusa beringi. Huzunguka juu ya utando mwembamba wa oili. Utando ukikosekana, chuma hula chuma. Basi kabla ya kufunga mpya, uliza ile ya zamani iliuawa na nini. Je, pampu ya oili imechoka? Je, njia za oili zimeziba?

Pili, ijue injini yako. Land Rover ya lita 2.25 ilikuwa na beringi kuu tatu hadi 1980, ilipobadilishwa kuwa na tano. Krenki ya moja haiingii katika bloku ya nyingine. Tena, krenki iliyochongwa kwa elfu 10 au 20 za inchi hudai beringi nene za kiasi hicho hicho. Ipimwe kwa maikromita, si kwa macho.

Mwisho, bolti zikishakazwa kwa kipimo, krenki izungushwe kwa mkono. Ikikwama, fungueni tena siku hiyo hiyo, kabla magunia mengine hayajaenda sokoni.