Petroli au Dizeli?

Wasomaji wengi wa gazeti letu wana wazazi wanaoweka akiba ili wanunue motokaa, na nyumbani kwetu Moshi jambo hili limekwisha kuleta ubishi. Baba ataka gari la otomatiki, kwa kuwa mama naye ataliendesha, na goti lake la kushoto humwuma akikanyaga klachi. Juu ya hilo wote wamekubaliana. Lakini baba mdogo, ambaye ana lori, alisema, "Kaka, chukua dizeli, petroli itakula akiba yako." Kwa sababu nasoma Fizikia niliulizwa, na haya ndiyo niliyojibu.

Injini ya petroli yatokana na ile aliyoitengeneza Nikolaus Otto huko Ujerumani mwaka 1876. Hewa na petroli hushindiliwa pamoja ndani ya silinda mpaka zibaki kama sehemu moja ya kumi ya nafasi yake ya kwanza, kisha plagi hutoa cheche. Injini ya Rudolf Diesel ilifaulu mwaka 1897. Humo hewa hushindiliwa peke yake, mara 16 hivi au zaidi, ikapata moto hata mafuta yakinyunyiziwa huwaka bila ya plagi. Aliyewahi kujaza upepo gurudumu la baiskeli ameona jinsi pampu inavyopata moto. Ni jambo lile lile.

Kwa kushindilia huko, dizeli hufanya kazi kubwa zaidi kwa kila lita. Tena huvuta kwa nguvu hata injini ikizunguka polepole, kiasi cha mara 2,000 kwa dakika, kwa hiyo giaboksi ya otomatiki haihangaiki kubadili gia mlimani. Hapo baba mdogo ana haki, na kwa safari zake za Dar es Salaam nisingemshauri vingine.

Lakini gari letu litakwenda wapi? Kazini kwa baba ni kilometa 4, kisha sokoni, kisha kanisani. Magari mengi ya dizeli ya siku hizi yana chujio la masizi katika bomba la moshi. Masizi hayo huungua chujio likipata joto la digrii 600 hivi, nalo kwa kawaida hupatikana gari likienda kasi kwa muda mrefu. Kwa safari fupi fupi chujio huziba, na kulibadili ni fedha nyingi. Wako wanaoling'oa tu! Lakini mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli huleta kansa, na mdogo wangu ana pumu.

Tena dizeli yahitaji betri yenye nguvu zaidi ili kuishinda hewa ile inayoshindiliwa. Gari la otomatiki nalo haliwaki kwa kusukumwa. Betri ikifa alfajiri, vijana wa mtaani hawatakufaa kitu.

Mama akauliza, je, petroli itatufikisha Marangu kwa bibi? Itatufikisha, ila injini itanguruma na gia zitashuka mara nyingi. Nasi huenda huko mara mbili tu kwa mwaka.

Baba amekwisha kuulizia gari la petroli la sisi 1,500. Baba mdogo hajaridhika, naye ameapa kutupita mlimani siku lori lake likiwa halina mzigo.