Nani Aliyeisoma?

Mwaka 2021 watafiti watatu wa kompyuta, Guillaume Cabanac, Cyril Labbé na Alexander Magazinov, walianza kukusanya maneno ya ajabu waliyokuwa wakikutana nayo ndani ya majarida ya sayansi. Panapostahili kusomeka "akili bandia" palikuwa na kitu kama "fahamu ghushi". "Data kubwa" imekuwa "taarifa majitu". Uwiano wa ishara na kelele, kipimo ambacho kila mhandisi wa mawasiliano hukijua tangu akiwa mwanafunzi, umegeuka "bendera kwa ghasia". Hapa nimeyatia Kiswahili maneno yaliyoandikwa kwa Kiingereza, lakini hata kwa Kiingereza chenyewe hayana kichwa wala miguu.

Chanzo chake kilijulikana upesi. Mtu huchukua makala ya mwenzake, akaipitisha kwenye programu inayobadilisha kila neno kwa kisawe chake ili mitambo ya kunasa wizi wa kitaaluma isishtuke, kisha akaweka jina lake juu. Programu hiyo haijui istilahi, kwa hiyo hubadilisha hata yale yasiyobadilishika. Sehemu ya makala hizo ilitoka katika jarida la Microprocessors and Microsystems la kampuni ya Elsevier, jarida la siku nyingi lenye heshima zake, wala si mojawapo ya majarida ya kitapeli yanayotutumia barua pepe kila asubuhi yakituita maprofesa mashuhuri.

Sasa tufuate safari ya makala moja ya namna hiyo. Mhariri aliipokea. Wahakiki, kwa kawaida wawili au watatu, walitakiwa kuisoma mstari kwa mstari. Kuna watu waliosanifu kurasa. Kama hata mmoja wao angeisoma kwa macho yake, angekwama aya ya kwanza. Wengi wanaolalamika kwamba utafiti unadidimia hutaja uongo na tamaa, nami siwapingi. Ila uongo ulikuwepo tangu zamani. Kilichopungua ni wasomaji wa kuukamata.

Msomaji wa aina hiyo alikuwa nani? Mwaka 1936 Albert Einstein, akiwa Princeton, alipeleka kwa jarida la Physical Review makala aliyoiandika na msaidizi wake Nathan Rosen. Ilidai kwamba mawimbi ya uvutano hayapo. Mhariri, John Tate, hakutishwa na jina. Aliikabidhi kwa mhakiki. Maoni yalirudi yakiwa na kurasa 10, yakieleza hesabu imekosewa wapi. Einstein alikasirika, akaandika kwamba hakutoa ruhusa kazi yake ionyeshwe wataalamu kabla ya kuchapwa, akaiondoa. Mhakiki huyo alikuwa Howard Percy Robertson. Baadaye mwaka huohuo, bila kujitambulisha kuwa ndiye aliyeandika yale maoni, alimweleza kosa Leopold Infeld, msaidizi mpya wa Einstein, na habari ikamfikia mzee. Makala ilitoka mwaka 1937 katika jarida lingine, hitimisho likiwa limegeuzwa. Tarehe 14 Septemba 2015 vitambuzi vya LIGO nchini Marekani vilinasa mawimbi yaleyale yaliyotaka kukanwa.

Kurasa 10, bila malipo na bila jina lake kutajwa. Robertson aliweza kufanya hivyo kwa sababu wanafizikia wa uwanja ule walikuwa wachache, makala zilikuwa chache, na hakuna aliyekuwa akimhesabia yeyote machapisho yake.

Kuhesabu kulikuja taratibu, kukiwa na nia njema. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alipendekeza kipimo cha h: ukiwa na makala 20 ambazo kila moja imetajwa na wengine angalau mara 20, basi h yako ni 20. Ni rahisi, ni nambari moja, na mkuu wa idara asiyejua chochote kuhusu kazi yako anaweza kuitumia. Mwaka huohuo wanafunzi watatu wa MIT walitengeneza SCIgen, programu ya kuunganisha maneno ya sayansi ya kompyuta hadi ipatikane makala isiyo na maana yoyote, na moja ya kazi zake ikakubaliwa kwenye kongamano huko Florida. Miaka mitano baadaye Labbé, yule aliyetajwa hapo juu, alivikutanisha vitu hivi viwili. Alimbuni mtafiti aitwaye Ike Antkare, akamtengenezea kwa SCIgen takriban makala 100 zinazotajana zenyewe kwa zenyewe, akaziweka mtandaoni. Google Scholar ilimpa h ya 94, akampita Einstein. Ilikuwa mzaha. Lakini mwaka 2014 Labbé huyohuyo alionyesha kwamba makala zaidi ya 120 za SCIgen zilikuwa zimechapishwa kweli na Springer na IEEE, na hapo hakuna aliyekuwa akitania.

Kisha ikaingia pesa, na hapa ndipo pa kukaa kidogo. Zamani maktaba ndizo zilizolipia majarida. Mfumo wa sasa wa majarida huria humlipisha mwandishi ili msomaji asome bure, jambo ambalo mwanafunzi wa Dodoma au Bujumbura ana kila sababu ya kulishukuru. Ila kwa mchapishaji maana yake ni kwamba kila makala inayokubaliwa ni ada, na kila inayokataliwa ni kazi ya bure. Kampuni ya Hindawi, iliyoanzishwa Cairo mwaka 1997, ilikua kwa njia hiyo, hadi Wiley ya Marekani ikainunua mwanzoni mwa 2021 kwa takriban dola milioni 298. Ukuaji ulitegemea sana matoleo maalumu: mhariri mgeni anapewa mada, anakusanya makala na anachagua wahakiki. Viwanda vya makala, yaani biashara zinazotunga makala bandia na kuwauzia watu nafasi ya kuweka majina yao juu, viliuona mlango huo. Vilipenyeza wahariri wao, wengine wakitumia majina ya maprofesa halisi wenye anwani za barua pepe za kughushi, na wahakiki wakawa ni walewale waliouza. Nafasi ya mwandishi wa kwanza ina bei yake, ya tatu ina yake. Majarida yaliyoumia yalihusu hisabati ya uhandisi, mitandao isiyotumia waya, usalama wa mawasiliano na akili ya kikompyuta pamoja na sayansi ya neva. Mwaka 2023 Hindawi ilifuta makala zaidi ya 8,000, na kabla mwaka haujaisha Wiley ikatangaza kuliacha jina lenyewe. Fizikia nayo haikupona: mwaka 2022 IOP Publishing, iliyo chini ya Taasisi ya Fizikia ya Uingereza, ilifuta kwa mkupuo makala 494 za makongamano.

Hisabati imepata aibu ya namna yake. Ni taaluma ya watu wachache wanaoandika polepole, hivyo genge dogo la watu wanaotajana linatosha kupindua takwimu zote. Mwaka 2023 Clarivate, kampuni inayotoa orodha ya watafiti wanaotajwa zaidi duniani, iliiondoa hisabati nzima kwenye orodha hiyo. Walioshindwa kupima waliacha kupima, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika mkasa huu.

Kwenye sayansi ya kompyuta tatizo ni wingi tu, hata bila tapeli yeyote. Kongamano la NeurIPS lilipokea makala 1,678 mwaka 2014. Waandaaji walizigawia baadhi yake kamati mbili zisizojuana, na zaidi ya nusu ya zile zilizokubaliwa na kamati moja zilikataliwa na nyingine. Mwaka 2025 makala zilizoletwa zilizidi 21,000. Wahakiki wa kutosha hawapo, kwa hiyo mwanafunzi wa shahada anahakiki kazi ya mwanafunzi mwenzake usiku wa mwisho, bora liende.

Afrika Mashariki tumo ndani ya mkondo huu, tena pande zote mbili. Mhadhiri anayetaka uhadhiri mwandamizi huhesabiwa machapisho yake, na ada ya jarida la nje inaweza kumeza mshahara wa mwezi mzima. Jarida la kitapeli linatoza sehemu ndogo ya hiyo na linachapisha wiki ijayo. Na Nairobi, kwa miaka mingi, wahitimu waliokosa ajira wamekuwa wakiwaandikia kazi za chuo wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Wengi ni watu hodari waliostahili maabara. Nikiwalinganisha na wanaonunua, ni vigumu kwangu kuwaita wao ndio tatizo.

Zipo sehemu ambako usomaji bado umeshika. Makala za jaribio la ATLAS huko CERN hupitia wasomaji wa ndani hatua kadhaa kabla ya kutoka nje. Grigori Perelman alipoweka uthibitisho wake wa dhana ya Poincaré kwenye hazina ya arXiv mwaka 2002 na 2003, bila jarida lolote, makundi kadhaa ya wanahisabati yalitumia miaka kuukagua mstari kwa mstari. Hazina hiyo Paul Ginsparg aliianzisha mwaka 1991 hasa ili wanafizikia wasomane bila kusubiri wahariri. Mwishoni mwa Oktoba 2025 kitengo chake cha kompyuta kilitangaza kwamba makala za mapitio na za misimamo hazitapokelewa tena mpaka ziwe zimekubaliwa kwanza na jarida au kongamano. Zilikuwa zinamiminika mno, nyingi zikiandikwa kwa msaada wa mashine.

Miezi michache kabla ya hapo, gazeti la Nikkei la Japani lilikuwa limegundua ndani ya arXiv makala 17 zenye amri zilizofichwa, kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe, zikiielekeza akili bandia itoe maoni mazuri tu. Mmoja wa waandishi alijitetea kwamba ulikuwa mtego wa kuwanasa wahakiki wavivu wanaoitumia mashine kinyume cha kanuni. Utetezi huo haukubaliki, lakini hauwezi kuitwa wa kijinga: aliutoa mtu aliyekwisha kukata tamaa kwamba kuna binadamu atakayeifungua kazi yake.