Trekta kuukuu ya theluji hutunzwa kabla ya baridi kubisha hodi

KATIKA majimbo ya kaskazini mwa Marekani, theluji haimpi mtu nafasi ya kujitetea. Jijini Minneapolis, katika jimbo la Minnesota ambako Wakenya wengi wamehamia, mwenye nyumba ya familia moja hupewa saa 24 baada ya theluji kukoma ili asafishe njia ya waendao kwa miguu iliyo mbele ya boma lake. Akizembea, jiji linaweza kuwatuma wafanyakazi waisafishe, kisha akatozwa gharama.

Ndiyo sababu familia nyingi za maeneo hayo huweka trekta ndogo ya bustani. Wakati wa joto trekta hiyo hukata nyasi. Baridi inapoingia, hufungwa ubapa wa chuma wa kusukuma theluji, au mtambo wenye parafujo kubwa unaoizoa na kuirusha kando.

Nyingi za trekta hizo ni za zamani. Kampuni ya International Harvester ilianza kuuza Cub Cadet mnamo 1961, nayo John Deere ikatoa trekta yake ya bustani ya 110 mnamo 1963. Aghalabu ziliendeshwa kwa injini za Kohler zilizoundwa kwa chuma kizito cha kusubu, na ni sahili kiasi kwamba mwenyewe anaweza kuzifungua kwa spana chache. Hata hivyo, uimara huo si kinga dhidi ya uzembe. Mashine iliyoachwa tangu msimu uliopita hukataa kuwaka asubuhi ile ile inapohitajika zaidi.

Petroli na umeme

Chanzo cha kwanza cha usumbufu ni petroli iliyolala. Baada ya miezi kadhaa, mafuta hayo huharibika na kuacha utando unaonata ndani ya kabureta, ukaziba vijitundu vyake. Isitoshe, petroli nyingi inayouzwa Marekani huchanganywa na ethanoli, ambayo hunyonya unyevu. Maji yakijitenga na kutua chini ya tangi, huganda na kuziba mrija.

Dawa yake ni kumwaga petroli ya zamani, kubadilisha chujio na kuisafisha kabureta kabla ya msimu. Mipira ya mafuta iliyopasuka nayo itolewe, maadamu tone moja likidondokea injini yenye moto huweza kuzua mkasa.

Baada ya mafuta hufuata umeme. Injini nyingi za wakati huo hutumia platini, yaani vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili cheche itokee kwenye plagi. Vikiungua au vikiingia kutu, injini hukohoa bila kuwaka. Katika injini za Kohler za aina hiyo, mwanya wa platini huwa takriban nusu milimita, na hupimwa kwa kipimo maalumu wala si kwa kukisia.

Betri nayo hupoteza nguvu nyingi kwenye baridi kali, ilhali injini huwa nzito zaidi kuzungushwa. Betri iliyoishiwa chaji hata huweza kuganda na kupasuka. Kwa hivyo huchajiwa mapema, na vituo vyake vikasuguliwa hadi ving'ae.

Oili na uzito

Oili iliyofaa wakati wa joto huwa nzito mno kwenye baridi. Hali ya hewa inaposhuka chini ya nyuzi sufuri, oili nyepesi kama 5W-30 hufikia vyuma upesi zaidi. Sanduku la gia nalo likaguliwe: oili yenye rangi ya maziwa ni ishara kwamba maji yameingia, na maji hayo yakiganda huweza kuzizuia gia zisizunguke.

Mtambo wa theluji hufungwa mbele, hivyo magurudumu ya nyuma hukosa uzito wa kutosha na kuteleza. Wenye uzoefu huyavisha minyororo na kuongeza vyuma vizito nyuma. Wengine hujaza tairi maji yasiyoganda. Yale yaliyotiwa chumvi ya kalsiamu yanapovuja hula ringi kwa kutu, na tairi kuukuu zapaswa kuchunguzwa.

Bolti iumbwayo ivunjike

Mitambo mingi ya kurusha theluji ina bolti laini inayoishikilia parafujo kwenye mhimili wake. Parafujo ikinasa jiwe au gazeti lililofukiwa na theluji, bolti hiyo hukatika. Wasioelewa hukasirika na kuweka bolti ngumu ya kawaida badala yake.

Huko ni kujichimbia kaburi. Bolti hiyo iliundwa ivunjike ili sanduku la gia linusurike. Ikikataa kukatika, kinachosagika ni gia zenyewe, na spea za gia za mtambo wa miaka ya 1960 si rahisi kupatikana. Mwenye busara huweka bolti kadhaa za aina ifaayo kabla ya msimu.

Hatari kwa mwili

Hasara kubwa zaidi haihesabiwi kwa pesa. Theluji yenye maji huziba bomba la kuirushia, na mtu mwenye haraka huingiza mkono kuizibua. Kila mwaka, watu nchini Marekani hupoteza vidole kwa njia hiyo. Hata injini ikiwa imezimwa, mkanda uliokazika huweza kuizungusha parafujo ghafla pindi kizuizi kinapoondolewa. Injini izimwe, waya wa plagi uchomolewe, kisha kijiti kitumike wala si mkono.

Trekta kuukuu huhitaji tahadhari maradufu. Nyingi za miaka ya 1960 ziliundwa bila swichi ya kitini inayozima injini dereva anaposhuka. Zilizo na swichi hiyo, huenda mmiliki wa awali aliikata waya ili kuepuka usumbufu. Kuirejesha ni ukarabati usiopaswa kuahirishwa.

Vilevile, injini isiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa ili ipate joto. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua kimyakimya.

Kazi zote hizi huchukua siku moja au mbili za mwezi Oktoba, vidole vikiwa bado vina joto na maduka ya spea yakiwa hayana foleni. Zikiahirishwa hadi Januari, hufanywa gizani, theluji ikiwa imefika magotini na saa 24 za jiji zikiyoyoma. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.