Tusiwanyime vijana somo la kutazama

Mwezi wa Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia gredi ya 10, huku kila mmoja wao akiwa ametakiwa kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Ushauri ambao wengi walipewa nyumbani haukuwa mgeni. Ni ule ule waliopewa kaka na dada zao walipokuwa wakichagua masomo katika kidato cha pili: mwanangu, kuchora hakukulishi.

Sina nia ya kubishana na mzazi juu ya ajira. Kinachonikera ni dhana iliyojificha nyuma ya ushauri huo, kwamba darasa la sanaa ni karakana ya kuzalisha wachoraji, na asiyejaliwa kipawa heri apishe. Aghalabu wasemao hivyo hawajui kinachotendeka darasani humo katika majuma ya mwanzo.

Hebu msomaji alifikirie zoezi la kawaida kabisa. Mwalimu huweka sufuria juu ya meza, kando yake maembe mawili, kisha huwaambia wanafunzi wachore wanachokiona. Karibu wote watauchora mdomo wa sufuria kuwa duara kamili, na kitako chake kuwa mstari ulionyooka. Lakini aliyeketi kwenye dawati haoni duara hata kidogo. Anaona duaradufu, tena nyembamba, na kitako kilichopinda. Sufuria aliyoichora ni ile iliyomo ndani ya neno "sufuria". Ndivyo achoravyo pia jicho mfano wa samaki, na jua mfano wa gurudumu lenye miale. Kwetu sisi tunaoshughulika na isimu hili si la ajabu. Neno ni muhtasari, na faida ya muhtasari ni kutupunguzia kazi ya kutazama. Mwalimu wa sanaa humtaka kijana auweke kando kwa muda, anyooshe mkono wenye penseli, afumbe jicho moja na kupima.

Rangi nazo zina kisa chao. Katika Kiswahili, sifa za rangi zinazokubali viambishi vya ngeli ni tatu tu: kitabu cheupe, cheusi, chekundu. Brent Berlin na Paul Kay, katika utafiti wao wa 1969, walieleza kwamba lugha yenye majina matatu ya msingi ya rangi huwa na hayo hayo matatu. Zinazobaki tumezikopa kwa vitu: kijani kwa majani, kijivu kwa jivu, kahawia kwa kahawa, zambarau kwa tunda lake, manjano kwa kiungo cha mchuzi. Wapo waliouita huu ufukara wa lugha. Mimi nauona kuwa mwaliko. Aliyesema kwa mara ya kwanza kwamba mtu fulani ni maji ya kunde alikuwa amekwisha kutazama ngozi, akatazama na chungu. Mwanafunzi anayechanganya rangi ili aipate embe inayoanza kuiva hana budi kufanya kazi iyo hiyo. Hata "uvuli" na "kivuli", ambayo siku hizi twayachanganya ovyo, yangepata kazi upya: uvuli uwe giza la ubavu wa sufuria usiopata nuru, kivuli kiwe kile kinacholala mezani.

Mzazi wa mwana anayeelekea udaktari atauliza haya yanamhusu nini. Na akumbuke kwamba katika mtihani wa biolojia wa kidato cha nne mtahiniwa huonyeshwa jani au mfupa na kuamriwa auchore kwa vipimo sahihi. Alama hutolewa kwa mchoro huo. Ni nani aliyemfundisha kuchora?

Tumewahi kuwa na fursa. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, Sanaa na Ufundi zilitahiniwa katika darasa la nane. Mtihani huo ulipoondolewa, katika shule nyingi somo lilibaki kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, na kipindi chake wakapewa watu wa hisabati.

Pendekezo langu ni dogo. Kila mwanafunzi wa gredi ya 10, awe wa mkondo wowote, apate kipindi kimoja cha kuchora kwa juma, kwa muhula mmoja, pasipo mtihani. Gharama isitajwe: penseli, kipande cha makaa na karatasi zilizopigwa chapa upande mmoja, ambazo kila ofisi ya shule huzitupa, zatosha. Upungufu wa walimu ni hoja nzito zaidi wala siipuuzi, ila kwa kipindi kimoja kwa juma, shule mbili au tatu zilizo jirani zaweza kugawana mwalimu mmoja, madhali wakuu wake wamekubaliana mapema juu ya ratiba na nauli yake.