Kutoka Uhasibu hadi Ushauri wa Menejimenti: Mfano wa James O. McKinsey

Mtaalamu wa fedha anayehamia ushauri wa menejimenti mapema kazini hudhaniwa kuwa anaanza upya. Mfano wa James O. McKinsey unadhoofisha dhana hiyo. Akiwa mwalimu wa uhasibu katika Chuo Kikuu cha Chicago, alichapisha Budgetary Control mwaka 1922. Mwaka 1926, kabla hajatimiza miaka 40, akaanzisha kampuni yake ya ushauri. Bajeti, ambayo mhasibu huitumia kudhibiti matumizi, yeye aliitumia kuchunguza mauzo, uzalishaji na hata mgawanyo wa madaraka. Ugumu wa uhamaji huo uko kwingine: mshauri hupendekeza, mteja huamua. McKinsey mwenyewe aliivuka mipaka hiyo mwaka 1935, alipokubali kuiongoza Marshall Field, iliyokuwa mteja wake, akalazimika kuyatekeleza aliyoyashauri.